Ukitaka Kwenda Gamboshi: Ushauri kwa Wapenzi wa Goth Wanaokuja Bariadi Msimu wa Halloween

Septemba ikiisha swali huanza kunifikia, na halibadiliki: "Tunasikia Gamboshi ndiyo makao makuu ya wachawi. Sisi tunavaa nyeusi, tunapenda muziki wa huzuni na hadithi za kutisha. Tunataka tarehe 31 Oktoba itukute huko. Tufanyeje?" Waulizaji ni vijana wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, na siku hizi hata wa Mwanza. Bauhaus na Siouxsie and the Banshees wanawajua, Dracula wameisoma, na Duma, wale wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020, wanawasikiliza kila siku. Bariadi hawajawahi kukanyaga.

Jibu langu ni kwamba njooni. Lakini njooni mkijua mnakoingia. Usukumani hofu ya uchawi haiishi kwa kuosha vipodozi usoni asubuhi ya tarehe mosi. Hofu hiyo imeua watu, na baadhi ya mambo ambayo London ni urembo tu, hapa ni alama zilizowaponza wanawake wazee na watoto. Anayelijua hilo atafurahia safari kuliko alivyotarajia. Asiyelijua anaweza kumwachia balaa mtu ambaye hata hakumwona.

Mji wa kwenye simulizi na kijiji cha kwenye ramani

Simulizi inasema hivi: Gamboshi, wilayani Bariadi, mchana ni kijiji cha kawaida, ila usiku hugeuka mji mkubwa wenye maghorofa, taa na magari, mji ambao macho ya kawaida hayauoni. Wasimulizi huulinganisha na majiji ya Ulaya na Marekani. Wanasema wakazi wake ni wachawi waliobobea, na kwamba waliozikwa kwingine huonekana huko wakifanya kazi kama misukule. Wako wanaoapa kwamba waliona taa kwa mbali.

Kijiji chenyewe kipo. Kina wakulima wa pamba na mahindi, ng'ombe, watoto wanaokwenda shule, na viongozi wenye mihuri. Wakazi wamekuwa wakiikanusha sifa hii kwa miaka mingi, na inawagharimu. Watumishi wakipangiwa kazi huko husita, na mtu akijitambulisha kuwa ametokea Gamboshi watu husogea pembeni.

Hapa ndipo safari yako inapotofautiana na ile ya Whitby, mji wa Uingereza ambako wapenzi wa Goth wamekuwa wakikusanyika tangu mwaka 1994 kwa sababu Bram Stoker aliutumia katika Dracula mwaka 1897. Dracula hana mjukuu anayesoma sekondari ya Whitby. Wanaoitwa wachawi Gamboshi wana majina, wana wajukuu, na kesho wataamka hapo hapo baada ya wewe kuondoka.

Kwa hiyo, kama lengo lako ni kuthibitisha kwamba wachawi wapo, au kuwarekodi kwa siri, sina ushauri wa kukupa zaidi ya kukusihi usije. Kama lengo ni kukaa ndani ya nchi iliyozaa simulizi kubwa namna hii, kuisikia usiku wake na kuisikiliza kwa wenyewe, endelea kusoma.

Kufika

Wanaotoka Mwanza hupanda basi stendi ya Nyamhongolo, wanapita Kisesa, Magu, hadi Lamadi kando ya ziwa, kisha wanakata kuingia Bariadi. Ni lami. Wanaotoka Dar es Salaam, Dodoma au Tabora hupita Shinyanga, Mwigumbi na Maswa, nayo lami. Kutoka Bariadi mjini kwenda vijijini ndiko kwenye kazi.

Mwisho wa Oktoba ni mwanzo wa vuli. Mchana jua ni kali mno, kisha jioni mawingu yanajikusanya ghafla na radi inapasuka juu ya tambarare isiyo na kizuizi. Kwa mpenda giza hiyo ni zawadi. Kwa msafiri wa bodaboda ni taabu, maana udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata kwenye matairi mpaka pikipiki inakataa kutembea.

- Panga kwenda kijijini asubuhi na kurudi mjini kabla ya saa kumi jioni. Jua linazama yapata saa kumi na mbili na nusu.
- Lala Bariadi mjini. Gesti zipo za kutosha, na zote zitakutaka uandike jina na kitambulisho kitabuni. Andika jina lako halisi. Lile la "Countess" au "Raven" libaki kwa marafiki.
- Mkodi dereva anayeijua njia na anayejulikana huko, na mpatane nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjaondoka.
- Beba pesa taslimu za noti ndogo, tochi, betri ya akiba ya simu, maji, na koti la mvua. Jeusi, kama unataka.

Hatua ya kwanza ukifika kijijini

Usianzie mtini, njiapanda wala makaburini. Anzia ofisi ya mtendaji wa kijiji, au kwa mwenyekiti ikiwa ofisi imefungwa. Saini kitabu cha wageni na ueleze ulichokuja kufanya kwa maneno yasiyo na kona: "Tumekuja kuwatembelea na kusikiliza hadithi za kale za Wasukuma, kwa ridhaa ya wazee." Omba mtu wa kukutembeza. Ukikataliwa, shukuru na uondoke. Una haki ya kuomba, huna haki ya kulazimisha.

Salamu itakufungulia milango mingi. Asubuhi sema "Mwangaluka", kuanzia mchana "Mwadila", na kushukuru ni "Wabeja". Mzee muite babu au mzee, bibi muite bibi au mama. Mkono wa kulia, kichwa kikiinama kidogo, miwani ya giza ukiivua. Hili la miwani nalisisitiza, kwa sababu mtu mwenye mavazi meusi asiyeonyesha macho ni mtu wa kutilia shaka, na mzee akishakutilia shaka hadithi imeishia hapo.

Zawadi ni sukari, majani ya chai, chumvi, sabuni. Usimlipe mtu pesa ili "aonyeshe uchawi". Mbali na kumdhalilisha, Sheria ya Uchawi, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1928 enzi za Mwingereza, inamfanya kuwa mkosaji anayejidai ana nguvu za uchawi na vilevile anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Pesa yako itakuwa imemnunulia kesi.

Mavazi: nyeusi ni sawa, mengine subiri

Hapa ndipo ninapobishiwa zaidi. "Goth bila vazi ni nini? Mbona unatuvua utu wetu?" Sikuvui. Nguo nyeusi kama nyeusi haina tatizo Bariadi, hata ya kichwa mpaka kisigino. Suruali nyeusi, gauni refu, shali, pete ya fuvu kidoleni, kucha nyeusi: watu watakutazama, watoto watakufuata, wengine watakuuliza kama wewe ni Freemason. Jibu kwa upole kwamba ni mtindo wa muziki unaoupenda, na uimbe kidogo wakikuomba. Nimeona shaka ya stendi nzima ikiyeyuka kwa njia hiyo.

Lakini yafuatayo yaache nyumbani, au yavae ukiwa chumbani na wenzako:

- Lenzi nyekundu za macho. Katika ukanda huu wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kisingizio cha macho mekundu, ambayo kwa wengi wao ni matokeo ya miaka mingi ya kupikia kuni na samadi iliyokaushwa ndani ya nyumba yenye moshi. Hakuna urembo katika alama hiyo hapa.
- Poda nyeupe ya uso mzima. Kanda ya Ziwa imepitia mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoitikisa nchi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2015 serikali ilifikia kutangaza marufuku dhidi ya waganga wapiga ramli kwa sababu hiyo. Ukijipaka weupe ili uonekane kiumbe wa ajabu, unawakumbusha wazazi fulani jambo wasilolisahau.
- Kaniki, usinga, tunguri, pembe, hirizi na shanga za kiganga vikiwa pamoja. Kimoja kimoja ni vitu vya kawaida. Vikikusanyika mwilini mwa mgeni vinasema "mganga amekuja", na kuna atakayekuja kweli kutaka umtajie aliyemloga.
- Kofia ya mchawi, ufagio, damu ya bandia. Sidhani kama hapa panahitaji maelezo.

Kuhusu joto: velveti na ngozi ya bandia zitakuumiza. Nunua kitambaa cheusi cha pamba, mpe fundi cherehani wa sokoni mchoro wako, umwachie siku mbili. Mkoa wa Simiyu ndio kinara wa kilimo cha pamba nchini, na fundi mzuri wa Bariadi atakushonea gauni lenye mikono mipana ambalo hutalipata dukani. Ukipita Mwanza kabla, soko la Mlango Mmoja lina mitumba ya makoti marefu na buti. Buti za soli nene sana ziache kwa ajili ya mjini, kwa maana tope la mbuga litazivua miguuni.

Usiku: hatari yenyewe ina miguu minne

Msomaji mmoja aliniuliza kama ni salama kukesha porini kungoja taa za mji usioonekana. Si salama, na sababu si misukule.

Simiyu imepakana na mbuga na mapori ya akiba, na fisi wapo. Wilayani Itilima miaka ya karibuni fisi wameshambulia watu na kuua watoto, na watu wakasema fisi hao ni wa kufugwa na wachawi. Ukiamini uchawi au usiamini, meno ni yale yale. Tena fisi wa Usukumani ana nafasi yake katika simulizi: ndiye kipando cha mchawi usiku. Kwa hiyo mtu anayezurura gizani na mavazi meusi mahali fisi aliposikika anajiweka kwenye hatari mbili kwa pamoja, ya mnyama na ya sungusungu, walinzi wa jadi wanaozunguka usiku tangu miaka ya 1980 na ambao hawana muda wa kusikiliza historia ya muziki wa post-punk.

Ukitaka usiku, upate hivi:

- Kaa uani mwa gesti, au kwa mwenyeji aliyekualika na ambaye mwenyekiti anamjua.
- Omba moto uwashwe, na muombe bibi au babu asimulie habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo yote ya nchi, likabakisha mama mmoja mwenye mimba. Mtoto aliyezaliwa, Masala Kulangwa, ndiye aliyekuja kulitafuta. Sikuelezi zaidi. Isikie kwa Kisukuma kwanza hata kama huelewi neno, kisha utafsiriwe. Sauti ya msimulizi anapolitaja zimwi hilo, huku radi ikizungumza upande wa Serengeti, inazidi filamu yoyote ya kutisha niliyowahi kuitazama.
- Muziki wako weka kwenye spika za masikioni. Usiku wa kijijini sauti husafiri mbali, na watu wanaamka alfajiri.

Mahali ambapo giza limetunzwa kwa heshima

Kama una siku moja tu ya ziada, usiimalizie Gamboshi. Ipeleke Bujora, karibu na Kisesa, kwenye njia hiyo hiyo ya Mwanza. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza kazi pale miaka ya 1950, na makumbusho ya Wasukuma yakajengwa mwaka 1968. Kanisa lenyewe limeumbwa kama nyumba ya msonge, na ishara za utawala wa kitemi zimeingizwa mpaka altareni. Kuna ngoma za watemi, kuna nyumba ya mhunzi, kuna nyumba ya mganga ambamo unaweza kuona na kuuliza yale yote ambayo kijijini ningekukataza kuyauliza, bila kumtia mtu hatarini.

Tenga muda mrefu kwenye habari za ngoma. Wasukuma wana vyama viwili vikongwe vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoanzishwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Wakishindana, kila upande hucheza uwanja wake kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi, ndiyo maana kila upande hutafuta dawa ya mvuto. Wapo na Bayeye, wanaocheza na nyoka, ambao pia wanazo dawa za kutibu aliyeumwa. Mtu anayependa Goth kwa sababu imeunganisha muziki, vazi, mauti na ushindani wa jukwaani atakuta hapa watu waliofanya hivyo miaka mingi kabla klabu ya Batcave haijafunguliwa London mwaka 1982. Piga simu kabla ukiwa kundi, uombe wachezaji, ulipe bila kuomba punguzo.

Mwanza kwa siku ya mwisho

Kwa wanaotaka mji wenye barabara na kahawa, Mwanza inatosha. Tembea ufukweni jioni karibu na Jiwe la Bismarck. Korongo wakubwa wenye vipara na shingo za mfuko wamesimama juu ya mawe na mapaa kama wazee wa mazishini, na kuna siku wadudu wa ziwa huinuka juu ya maji kama nguzo za moshi. Piga picha zako hapo kadiri upendavyo, hata na velveti.

Ila makaburini Igoma usiende kupiga picha za mavazi. Pale wamelala watu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na ndugu zao bado wanakuja. Nenda ukiwa na maua au nenda mikono mitupu, simama, ondoka.

Tarehe 2 Novemba Wakatoliki wanawaombea marehemu wote. Kama wewe ni muumini, au hata kama si muumini ila unaweza kukaa kimya, hudhuria misa ya siku hiyo. Kuna wanaoniandikia wakihofia kwamba kupenda Goth ni kukana dini. Mimi naona mtu anayeyatazama mauti bila kugeuza uso hayuko mbali na kanisa wala msikiti. Lakini dhamiri ni yako, na kiongozi wako wa dini anakujua kuliko mimi.

Makosa ninayoyaona yakirudiwa

1. Kununua "kumbukumbu" za wanyama. Mkia wa fisi, ngozi ya chatu, magamba ya kakakuona, hata miiba ya nungunungu: ukikutwa navyo bila kibali ni kesi ya nyara za serikali, na hukumu zake ni kali. Usiguse.
2. Kupigiwa ramli kwa kujifurahisha. Mpiga ramli akikutajia kwamba adui yako ni mwanamke mzee wa upande fulani, maneno hayo hayabaki chumbani. Ramli chonganishi ndiyo iliyoanzisha vifo vingi vya ukanda huu. Ukitaka tiba asili, tafuta mganga aliyesajiliwa, uende ukiwa mgonjwa kweli.
3. Kurusha droni. Inahitaji kibali, na taa inayoelea angani usiku juu ya Gamboshi itazaa simulizi mpya kabla hujaishusha.
4. Kusema "uchawi ni upuuzi" mbele ya mwenyeji. Hujaombwa kuamini. Umeombwa kusikiliza.
5. Kusahau kula. Omba michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga au maziwa mgando. Lamadi simama ule sato.

Kuhusu picha na maandishi yake

Swali la mwisho huwa ni hili: "Tukirudi tuandike nini?" Andika ulichosikia, na nani alikuruhusu kukisimulia. Usimwite mtu yeyote mchawi, hata kwa utani, hata kwa jina la kubuni lenye picha halisi. Picha ya bibi kizee isiende mtandaoni pamoja na maneno ya kutisha, kwa sababu itaonwa na jirani yake, na jirani huyo hajui kwamba kwako ni mapambo. Ukipiga picha ya mtu, muonyeshe, muulize itumike wapi, akikataa ifute mbele yake. Aliyekubali mchapie nakala Mwanza au Bariadi, uikabidhi kwa dereva wako airudishe kijijini. Na namba ya mtendaji uihifadhi, umjulishe mmefika salama.